Waling'oe Bomba, Sisi Tunywe Nini?

Nkowe, Alhamisi, mwezi wa kumi, 1953

Jua la leo limekuwa kali tangu asubuhi, na upepo wa vumbi haujatulia. Mwanangu Zuhura amelala mkekani. Nimekaa hapa mlangoni na kalamu, mikono inaniuma mpaka mabegani, herufi zinakwenda kombo. Si kwa sababu niliishia darasa la tatu. Ni hasira.

Nina hasira na wale Wazungu watatu. Nina hasira na Jumbe, mkuu wa kijiji chetu. Na zaidi ya wote nina hasira na mume wangu.

Mwanzo wa kiangazi walikuja vijana watatu kutoka Ulaya, wanafunzi wa uinjinia, wako mwaka wa mwisho katika chuo kikuu chao. Bakari, mume wangu, alikuwa akifanya kazi karakana huko kwenye mashamba ya karanga Nachingwea, akajifunza Kiingereza, basi wakamchukua awe mkalimani wao. Ndiye aliyenieleza kwamba kwao mtu hapati digrii kwa kusoma tu. Lazima mwishoni atengeneze kitu, kifanye kazi kweli, walimu wakikague. Hawa waliamua kutengeneza bomba la kuvuta maji kwa mkono, na kijiji walichochagua ni chetu.

Tulifurahi, kwa nini tusifurahi? Wanaume walichimba kisima, wanawake tukabeba mchanga na kokoto kichwani, mimi na mtoto mgongoni. Wazungu wakafunika kisima chote kwa zege ili uchafu usiingie, wakasimamisha bomba lao juu yake. Siku maji yalipotoka, jirani yangu Bi Somoe alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Kabla ya hapo, kiangazi kama hiki tulikuwa tunafukua mchanga kwenye mto uliokauka. Unachimba shimo, unakaa na kata ya kuchotea mkononi, unangoja maji yajikusanye, nayo yana rangi ya udongo. Zuhura aliharisha kwa maji yale mpaka macho yakamwingia ndani. Nilikuwa namfunga mgongoni sisikii uzito wake.

Tangu bomba lianze kutoa maji hajaharisha. Amepata mapaja. Ameanza kusimama kwa kushika ukuta, anacheka peke yake akiona amesimama. Nami nikaanza kuwaza mambo makubwa, kwamba huyu atakua, atasoma, atanipita mimi mbali.

Juzi Wazungu wakatangaza kuwa wamemaliza. Jumbe akawaandalia wali na kuku. Mkubwa wao, tunamwita Bwana Miwani, akasimama, akashukuru, kisha akaomba ruhusa waichukue mashine yao wakawaonyeshe walimu. Bakari akatafsiri. Jumbe akacheka kwa furaha, akasema, "Hapa ni kwenu. Mnachokipenda chukueni."

Kila mtu wa huku anayajua maneno hayo. Mgeni huambiwa hivyo naye hukataa, huambiwa tena naye hukataa tena, mwishowe hufungiwa kuku mmoja na mihogo ya njiani akaenda zake. Hata mtoto mdogo hachukui kitu anapoambiwa mara ya kwanza. Jumbe alidhani kijana anaisifu kazi yake tu. Kijana akasema ahsante, akaketi.

Na Bakari akanyamaza! Yeye ambaye amekaa na Wazungu na anatujua sisi, akayatoa maneno ya Jumbe yalivyo, maana yake akaiacha papo hapo kwenye sahani ya wali.

Jana nilimwuliza kwa nini.

"Mimi ni mkalimani, Mama Zuhura. Siwezi kumsahihisha Jumbe mbele ya wageni."

"Na maji ya mwanao ni kazi ya nani?"

Akavaa kofia yake, akatoka.

Nampenda mume wangu. Lakini jana nilitamani kumrushia mwiko.

Leo asubuhi nikaenda na ndoo, nikakuta lori la kutoka Nachingwea limeegeshwa karibu na kisima, na masanduku ya mbao yako wazi. Eti bomba lipande garimoshi mpaka pwani, halafu meli. Vijana wameshika spana. Wakiling'oa, kwenye ile zege patabaki tundu ambalo hata kopo halipiti. Kisima chetu wenyewe, tulichokichimba, tutakikanyaga juu na maji yako chini.

Ila Bi Somoe alikuwa amewahi. Ameshika mpini, anavuta taratibu kama bibi harusi.

Huku kwetu mwanamke akishaanza kuteka maji huachwa mpaka amalize. Hao vijana tuliwafundisha wenyewe, kwa sababu mwanzoni walikuwa wanatuingilia katikati na vipimo vyao, na Bi Somoe aliwahi kuwafukuza na kata. Wakashika adabu. Basi leo wamesimama na spana zao, wanangoja amalize.

Aliponiona akanikonyeza. "Shoga, umeleta ndoo moja tu? Rudi ukalete nguo. Leo tunafua mpaka mikeka."

Nikarudi mbio. Nikapita nyumba kwa nyumba. Wanawake wakatoka na ndoo, na mitungi, na masufuria, mmoja akaja na kanzu ya marehemu babu yake ambayo haijavaliwa tangu azikwe. Anayemaliza anamwachia mpini mwenzake, mkono kwa mkono, hakuna mwanya. Bi Somoe kila baada ya muda anageuka na sauti tamu, "Bwana Miwani, samahani baba, bado kidogo tu!"

Dereva wa lori akaishiwa subira. "Nyinyi kina mama mna wazimu? Mimi nina safari!"

"Nenda, nani kakushika? Lori lako si lina magurudumu?" Bi Somoe akamjibu.

Tulicheka mpaka Zuhura akaamka mgongoni. Lakini mimi nilikuwa nacheka na huku nahesabu ndoo zilizobaki. Mikono inachoka. Mchezo huu hauwezi kuwa wa kila siku.

Jua lilipofika utosini ikawa zamu yangu. Bwana Miwani akaja na Bakari, akataka kujua tatizo ni nini, kwani si tuliwapa ruhusa? Sikuacha kuvuta. Nikasema yote. Nikasema kuharisha kwa mwanangu, nikasema ule mto mkavu, nikasema hiyo ruhusa ilikuwa adabu ya mezani, na kwamba mtu hawezi kumzoeza mtoto maji safi halafu akamnyang'anya.

Bakari akageuka, akatoa maneno mawili matatu. Mzungu akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

Akatabasamu! Hapo nikajua.

"Baba Zuhura," nikamwambia, mbele ya watu wote, "mwambie kama nilivyosema mimi. Usinipunguzie."

Kumpandishia mume sauti hadharani si jambo la kupendeza, najua, na mama mkwe ataambiwa kabla sijamaliza kuandika. Bakari alinitazama, akamtazama mtoto. Akavua kofia. Kisha akasema kwa muda mrefu, mkono ukionyesha kule mtoni. Jina la Zuhura nililisikia ndani ya kile Kiingereza.

Uso wa Bwana Miwani ukawa mwekundu. Akaketi kwenye zege, spana magotini. Akasema, na Bakari akanipa neno kwa neno, kuwa bila bomba hili walimu wake hawatampitisha, na mama yake ni mjane, hana mwingine.

Nilimwonea huruma, sitasema uongo. Nilimfikiria mama huyo, naye aliwahi kumbeba huyu akiwa mwepesi mgongoni. Hasira haikutoka hata hivyo.

Nikasema, "Mwalimu wako aje alione hapa. Nitamtekea maji mwenyewe anywe."

"Ni mbali sana," akasema.

"Wewe ulifikaje?"

Akainuka pale kwenye zege. Wenzake walimtolea maneno makali kwa lugha yao, lakini yeye akaiweka spana ndani ya sanduku, akapanda lori peke yake. Kasema anakwenda Nachingwea kumpigia mwalimu wake simu ya maandishi, amwombe akubali picha na michoro badala ya bomba lenyewe. Atarudi na jibu kesho. Hakuahidi kitu. Huenda jibu likawa hapana, na wenzake wawili wamebaki hapa na spana nyingine.

Bi Somoe yuko kisimani sasa hivi, ananingoja nikampokee.

Bakari amekuja amechutama mbele yangu, anamwangalia mtoto alivyolala. Ameniuliza kama kesho namtaka awepo. Nimemwambia ndiyo, baba, namtaka sana, asimame karibu yangu. Kiingereza kitakuwa chake. Maneno yatakuwa yangu, na mpini sitauachia hata jibu likiwa hapana.