Mahindi Yetu Meusi Hayakukaa Peke Yake Njoro

Njoro,
Jumapili, baada ya kanisa

Mama, mwaitu wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi na miwani iko karibu, maana ni ndefu. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku bado hatujapatana nayo na huu ni mwaka wa tatu. Goti linaendeleaje? Na yule mbuzi aliyekataa kunyonyesha, alikubali mwishowe? Nasikia vumbi limeanza kupeperuka huko Kitui, kwa hiyo najua kila asubuhi unatoka nje kutazama mawingu.

Utashangaa kwa nini ninaandika na simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, na haya nataka uyasikie mpaka mwisho. Ni habari ya mbegu.

Najua ndiyo iliyobaki peke yake. Mvua ilipokataa mara ya pili mlikula hata ile iliyoning'inia juu ya moshi jikoni, wala siwalaumu. Mahindi meusi ya nyanya yangu yakabaki tu kwenye mkebe ulionipa siku niliyoondoka. Ukaniomba niyapande huku, yaongezeke, nikutumie kabla ya mvua ya mwezi wa kumi. Binamu yangu Musyoka, ambaye lori lake hupumzika Mai Mahiu, ameshakubali kuyapokea Jumamosi hii akuletee.

Nilifanya ulivyosema. Jirani yangu, Mzee Koech, alinikodisha kipande kidogo kando ya shamba lake. Udongo wa huku, Mama, ungetamani kuubeba kwa kikapu. Lakini watu wa huku hupanda mahindi mwezi wa tatu na kuyangoja mpaka Krismasi inabisha hodi, nayo hurefuka kuupita mlango wa nyumba. Nilipowaambia kwamba ya kwetu humaliza kwa miezi mitatu, walidhani natania. Nilichelewa kupata shamba kwa mwezi mzima, na baridi nayo ikayachelewesha, lakini bado yalikauka wakati ya Mzee Koech yakiwa mabichi. Yalikuja mpaka kifuani pangu tu. Mzee alikuwa akipita na kuniuliza kama nimepanda mahindi au mtama.

Nilivuna wiki mbili zilizopita. Punje zimejaa mpaka nchani, zambarau iliyokolea mpaka ikawa nyeusi, vilevile kama zilivyokuwa kwenye mkebe. Nilipata karibu debe zima na nikacheka peke yangu pale shambani. Nilikuwa tayari kukupigia simu nijigambe.

Basi Jumatatu Mzee Koech akaja mlangoni na hindi bichi, la kwake, alilokuwa amelivunja achome. Lilikuwa jeupe kama mahindi yote ya huku, lakini katikati mlikuwa na punje kama kumi zenye madoa ya zambarau.

"Ndanu, hebu ona hii," aliniambia. "Mahindi yangu imeshika ugonjwa gani?"

Sikujua. Nikaomba nilichukue nikaulize. Unakumbuka nilikuambia kwamba hoteli ninayopikia iko karibu na chuo. Kuna mteja wangu mmoja, Madam Nekesa, anayefundisha kilimo. Huja kila siku saa saba kula githeri, na huongea chakula kikiwa bado mdomoni, kama mtu fulani ninayemjua. Huyo ndiye ninayemsumbua kwa maswali, na hachoki.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mahindi si ya kwetu kabisa. Yalianzia Mexico, zamani sana, yakiwa nyasi tu zenye vijipunje vichache vigumu ambavyo hata kuku wako angevipita. Watu wa kule wakawa wakichagua, msimu baada ya msimu, mpaka yakawa hindi la kujaa mkono. Mabaharia wa Kireno ndio wanaosemekana kuyafikisha Pwani. Nilibisha sana. Nilimwambia hakuna Mkamba atakayekubali kwamba muthokoi wetu, mahindi ya kutwanga, ni mgeni. Akacheka, akaniambia hata kule Mexico mahindi huchemshwa na chokaa au majivu ili maganda yatoke na mwili upate lishe iliyojificha ndani. Waliokuja kuyachukua wakaacha ujuzi huo nyuma, na wale maskini waliokula mahindi matupu kila siku wakaugua ngozi. Nikamuuliza kama magadi tunayotia kwenye githeri yanafanya kazi hiyohiyo. Akasema hilo hana hakika nalo, na maharagwe yaliyo kwenye githeri yanasaidia zaidi. Nilifurahi kidogo kuona kuna jambo asilolijua.

Na usikasirike, lakini anasema tunapotwanga muthokoi, ganda na kile kiini ndivyo vyenye mafuta mazuri na nguvu nyingi. Sisi tunakula kilichobaki. Kwa hiyo kuku wako wamekuwa wakila vizuri kukushinda wewe miaka yote hii. Ile rangi nyeusi pia ina faida mwilini, kama ya matunda mekundu, ila si dawa, kwa hiyo acha kumwambia kila mzazi mpya kwamba uji wake hutibu kila kitu.

Nimeanza kuzunguka, unaona. Naogopa kufika.

Nilimwekea lile hindi la Mzee Koech kando ya sahani. Alilichambua, akanionyesha zile nywele zinazotoka nchani. Mama, ulijua kwamba kila unywele una punje yake? Mmoja kwa mmoja. Lile vumbi la manjano linalotoka kwenye kishada cha juu hupeperushwa na upepo, likitua kwenye unywele linashuka mpaka ndani, na hapo ndipo punje inapoanza. Unywele usioguswa huacha pengo. Mimi nimelima tangu nilipoweza kushika jembe na sikuwahi kujiuliza nywele zile ni za nini. Nilidhani ni urembo.

Kwa hiyo Mzee hakuwa na ugonjwa wowote. Vumbi la mahindi yetu lilivuka ua likatua kwake. Nilicheka kwa majivuno, nikasema kumbe vifupi vyetu vina nguvu hivi. Madam hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Yako ilienda kwake," aliniambia. "Na yake ilienda wapi?"

Nilikimbia nyumbani nikamwaga debe lote kitandani. Nilitazama punje moja moja mpaka macho yakaniuma. Zote nyeusi. Nikarudi kesho yake nikamwambia zetu ni safi, akanieleza taratibu kwamba weusi wa mama huifunika punje hata kama baba ni mweupe. Upande wa Mzee mchanganyiko unaonekana. Upande wetu umejificha. Hakuna jicho linaloweza kuzitenga, hata lake yeye.

Sasa umejua. Mbegu ya nyanya yangu nimeichanganya. Kama ningepanda mapema yangechanua na kumaliza kabla ya yale marefu, lakini nilichelewa, na yote yakachanua wiki moja. Nimelia, nakuambia ukweli. Siku mbili nilifikiria kunyamaza. Ningempa Musyoka gunia dogo, ungezifungua, ungezinusa kama unavyofanya, na ungezipenda. Halafu mvua ingekatika mapema kama kawaida yake, na zile zenye damu ya hapa zingesimama kijani shambani kwako zikingoja miezi mingine mitano. Ungekosa chakula kwa sababu yangu na hata usingejua ni mimi. Hapo nikachukua kalamu.

Madam anasema kuna njia. Zipandwe huko kwenu, mbali na mahindi ya watu. Yatakapokaribia kuchanua, mtu ateue mimea iliyo mifupi na inayowahi, ile inayofanana na yetu ya zamani kwa kila kitu. Hiyo ifunikwe vishada na mahindi kwa mifuko ya khaki, kama ile ya chipsi, na vumbi limwagwe kwa mkono juu ya nywele kila asubuhi kwa siku kama kumi. Yafanywe hivyo misimu kadhaa, na ile isiyofanana iliwe tu. Nikamwambia basi njoo uichague wewe uliyesoma. Akasema yeye hajawahi kuyaona mahindi yetu yakiwa shambani. Anayeyajua kwa sura ni wewe peke yako.

Kwa hiyo nimewaza hivi. Wewe uchague, mimi nifunike. Nimemwambia mwenye hoteli naondoka mwisho wa mwezi. Amesema hataniwekea nafasi, nami nikamwambia sawa. Jumamosi nitampa Musyoka barua hii peke yake. Mbegu haitakuja kwa lori. Nitakuja nayo mimi.

Tafadhali tayarisha lile shamba la juu ambalo halipakani na la mtu. Nisalimie Shangazi wa kwaya, umwambie sauti yangu bado ipo. Msalimie na Mama Kyalo mnayeteka maji pamoja, na kaka yangu wa Mombasa akipiga simu umwambie aache kuniita mtu wa baridi. Mzee Koech anakusalimu pia. Alilila lile hindi lenye madoa na akasema ni tamu kuliko yake.

Na Mama, hasira ulizonazo nimwagie zote, ninazistahili. Ila ukiniona nikiingia na lile debe, usilifungue kwanza. Nitazame mimi kwanza.

Binti yako anayekupenda na aliyekukosea,
Ndanu