Mguu Niliokubebesha

Xiaobei, Guangzhou
Jumapili, tarehe 9 Machi

Kwako ndugu yangu Karanja,

Pokea salamu zangu, wewe na mama watoto, na yule mdogo ambaye nasikia ameshaota meno na anauma kila kitu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba hapo Kitale mmemaliza kulima na sasa mnangoja mvua mpande. Mimi niko hai. Dada yangu Hannah hajambo, anabishana na wauza viatu kutwa mpaka sauti imemkauka. Huku ni ule msimu wa unyevu, kuta za chumba zinatoka jasho na soksi nilizofua Jumatano bado zinaning'inia mbichi hapa mbele yangu. Wenyeji wanasema utapita, eti ni kawaida ya mwezi huu.

Barua yako niliipata. Hannah aliporudi kutoka nyumbani mwezi jana alinikabidhi bahasha ya kaki iliyozungushiwa gundi ya karatasi pande zote, nikacheka, maana nani siku hizi bado anaandika barua ya karatasi. Kisha nikaisoma, kicheko kikaisha. Unasema umeandika kwa sababu sipokei simu zako na ujumbe nausoma bila kujibu. Ni kweli. Unasema pia hutaki maneno mengi, unataka nikwambie tu ufanye nini ili nikusamehe. Nimekaa na swali hilo wiki tatu nzima. Leo Hannah amekwenda kanisani, mimi nimebaki kwa kisingizio cha mguu, nimechukua karatasi tunazoandikia alama za mizigo na nitakujibu. Tafadhali soma mpaka mwisho hata ukiudhika. Na utaudhika.

Mama huniambia habari zako. Najua kila Jumamosi unafika kwake na jembe lako, unapiga hodi, hakujibu, unaingia shambani na kulima mpaka saa saba, kisha unaaga mlango uliofungwa na kwenda zako. Najua hajawahi kukupa hata maji. Mama yangu huyu, ambaye hata mtu wa kusoma mita ya stima humwekea kikombe! Aliniambia kwamba akikutana nawe njiani hukupita kama anavyopita nguzo, na alilisema kwa majivuno, kama zawadi aliyoniwekea. Nami nikamjibu kwamba amefanya vizuri. Hannah naye amenieleza kuhusu viatu vyako vya raga, kwamba umevigawa. Akasema kocha amekuita mara tatu wakati wa kuchagua timu ya taifa, ukakataa, ukamwambia kuwa ukikaribia miguu ya mtu mikono yako inafunguka yenyewe. Aisee, Karanja. Wewe ambaye tulikuwa tunakuita Kufuli.

Nianze na siku ile uwanjani. Ulikuwepo, sina haja ya kukukumbusha, lakini tukio hilo nimelisimulia vibaya kwa watu wengi na nataka angalau mara moja nilisimulie lilivyokuwa. Ilikuwa mazoezi ya Alhamisi, Septemba ya mwaka juzi, uwanja umekauka kama tofali. Mpira ulikuwa kwangu. Nikataka kukupita kulia, ukanikaba miguuni vile tulivyofundishwa, vidole vyangu vikabaki vimechomeka ardhini na uzito wako wote ukashukia kisigino changu. Sote wawili tulisikia ule mlio. Haukuwa mchezo mchafu. Nyumbani lakini nilisema ulinirukia baada ya mpira kunitoka, kwa sababu maumivu yalikuwa makali na nilitaka mtu wa kulaumu. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, nao ulikuwa mdogo.

Plasta ya wiki sita haikusaidia kitu, hilo unalijua. Mifupa ya katikati ya wayo ilikuwa imeachana na haikutaka kurudiana. Hannah alipokuja Novemba akauona mguu ulivyovimba, akasema hawezi kuniacha hivyo, akanitafutia viza, na Januari ya mwaka jana nikapasuliwa huku. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mkali, anaongea na simu yake nayo simu inaniambia mimi kwa Kiswahili cha ajabu. Lakini yaliyokuwa na maana yalinifikia. Alinichorea mguu kwenye karatasi, akaweka ndani bamba na skrubu tano, akaandika miezi mitatu, kisha akachora kiatu na kukikata kwa wino mwekundu mara mbili. Nisikanyage. Hata kwenda chooni, magongo. Akasema nikitii, mwaka ukiisha nitakuwa nakimbia, na msimu unaofuata nitacheza. Alisema ningecheza, Karanja. Hilo sikumwambia mtu yeyote kule nyumbani, na utaona kwa nini.

Sijui kama umewahi kukaa bila kazi ukiwa mtu mzima. Chumba chetu kiko ghorofa ya nane na dirisha linatazama dirisha la jirani. Hannah alikuwa anatoka asubuhi kwenda soko la Zhongda kutafuta vitambaa, jioni anarudi na miguu yake imevimba kuliko wangu, na bado ananiletea beseni la maji na kunipikia ugali. Mimi niliyekuwa napita katikati ya wanaume watatu, nimekaa kitandani nangoja dada yangu anisogezee sabuni! Wiki ya tano nikamwambia nitapata wazimu. Akanipeleka jengo la Tianxiu, kwenye ofisi ya mizigo ya Jovitus, Mhaya mmoja wa Bukoba, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri, akamwomba anipe cha kufanya nikiwa nimeketi. Jovitus akanipa kiti cha plastiki na kalamu nene nyeusi, nikawa mwandishi wa majina juu ya marobota. Mwanza. Kisumu. Lubumbashi. Kutwa nzima kilo zangu mia na tano zimekaa zinaandika Lubumbashi.

Sasa ngoja nikueleze jinsi mizigo inavyofungwa, maana bila hilo hutanielewa. Mzigo wa meli haupimwi kwa uzito, unapimwa kwa nafasi unayochukua. Kwa hiyo kabla ya robota la nguo kushonwa, watu hulipanda juu na kulikanyaga kwa kurukaruka mpaka hewa yote itoke na robota lilale. Mashine ya kukandamiza ipo, lakini foleni yake ndefu, na wateja wana haraka. Mtu mzito hapo ni baraka. Jovitus mwenyewe ni mwembamba, akirukia robota linamrudisha juu, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Ilikuwa wiki ya tisa. Mama mmoja wa Mwanza anaitwa Yustina alikuwa na marobota kumi na moja ya vitenge na kontena linafungwa jioni ile. Akanitazama pale kwenye kiti, akauliza kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba hivi huyu laoban mnene, yaani bosi kwa lugha ya huku, amewekwa hapo kuandika tu, au ni sanamu ya duka. Wakacheka. Alikuwa ananitania, hakujua lolote, na ningemwonyesha magongo yangu nyuma ya mlango angeniomba radhi papo hapo. Sikumwonyesha. Niliweka kalamu chini, nikapanda.

Nilijiambia nitatumia mguu mmoja. Nilitumia mmoja, labda mara tatu. Kisha nikashusha yote miwili, na robota likashuka chini yangu kwa mkupuo, na watu wakapiga makofi, na Yustina akapiga kigelegele. Karanja, wewe utanielewa kuliko mtu yeyote. Tangu Septemba hakuna aliyekuwa amenipigia makofi. Nilifunga yote kumi na moja. Kesho yake wakaniita tena, wakaanza kuniita Treni, nami nikawa naficha magongo ngazini kabla sijaingia, ili Jovitus aamini nimeruhusiwa. Hannah hakujua. Nilifanya hivyo siku kumi na saba. Usinitetee kwa kusema labda sikuelewa lugha ya daktari. Nilielewa vizuri sana, ile picha ya kiatu ilikuwa imebandikwa juu ya kitanda changu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya kumi na saba kitu kilikatika ndani, kidogo tu, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti. Nikashuka, nikarudi kwenye kiti, nikaandika Kisumu. Nilificha wiki mbili, mpaka wayo ukabonyea na Hannah akaniona nikishikilia ukuta. Picha zilipopigwa skrubu mbili zilikuwa zimekatika na bamba limepinda. Daktari akaniuliza, yeye na simu yake, kama nimekanyaga. Nikamjibu kwa neno lile wauzaji wa Zhongda wanalokurushia usoni wakati hawana unachotaka: meiyou. Hakuna. Sidhani kama aliniamini. Akanipasua tena Juni, akaunganisha mifupa yote iwe kitu kimoja. Akasema nitatembea. Nikauliza kuhusu raga, akazima simu, akatikisa kichwa mwenyewe.

Hannah akiwa analia pale koridoni alitaka kujua imekuwaje. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia daktari amesema Karanja alikuwa ameisaga ile mifupa kiasi kwamba haikuwa na tumaini tangu mwanzo. Maneno hayo yalitoka yakiwa yamekamilika, sikuyatafuta. Jioni ile Mama akaambiwa, Jumapili kanisa zima likajua, na wewe wiki iliyofuata ukachukua jembe.

Basi ndilo hilo. Uliuvunja mguu wangu kwa bahati mbaya, nao mguu ukapona, au ulikuwa njiani kupona. Aliyeuua ni mimi, juu ya vitenge vya mama wa Mwanza, kwa ajili ya makofi. Na lililo baya zaidi, ambalo ningeweza kuliacha na usingelijua kamwe, ni kwamba nilipoambiwa umeacha kucheza nilifurahi. Nilitaka usicheze kwa sababu mimi sitacheza. Kila simu yako iliyolia bila kupokelewa ilinipa raha. Hannah akinikuta nimenuna alikuwa anakulaani wewe, nami namwacha akulaani. Ulinibebea mguu huu mwaka mzima na mimi nikakuangalia ukiubeba.

Sasa naweza kutembea kutoka hapa hadi Tianxiu bila kupumzika, nikichechemea. Vidole havikunjiki. Unakumbuka vile mtu akishaangushwa huinuka na kuuvuta mpira nyuma kwa unyayo ili mwenzake auchukue? Nimejaribu kitendo hicho hapa chumbani na roli ya gundi ya kufungia mizigo. Mara tisa kati ya kumi roli inakwenda chini ya kitanda na Hannah anauliza natafuta nini. Nimeacha kujaribu.

Umeniuliza ufanye nini. Acha jembe. Viatu vyangu vya raga viko chini ya kitanda changu kwa Mama, kwenye boksi la kijani, na sisi tunavaa namba ileile. Vichukue, Alhamisi uende mazoezini, umkabe mtu wa kwanza atakayekuja na mpira, umkabe kwelikweli. Mikono ikifunguka, mkabe wa pili. Sikuombi unisamehe. Wewe uliuliza swali lako kwa kosa ambalo hukufanya. Mimi sina uso wa kukuuliza langu. Nitakupigia simu mwezi ujao, na usipopokea nitajua nimevuna nilichopanda.

Jana nilimpigia Mama nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia, pamoja na ile furaha yangu mbaya. Nilingoja anigombeze. Akasema kwa sauti ndogo sana kwamba uko shambani, upande wa migomba, anakuona kupitia dirisha la jikoni. Aliweka simu mezani bila kuikata. Nikasikia bomba likifunguliwa na sufuria ikijaa maji, kisha kiberiti, na baada ya muda nikasikia mlango wa nyuma, na Mama anakuita kwa jina lako. Hapo salio likaniishia. Kilichofuata unakijua wewe. Kama alikupa chai na hukuelewa kwa nini, ukainywa kwa wasiwasi, sababu ndiyo hii barua.

Nisalimie kocha na wote wa uwanjani. Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na mwambie mama watoto pole ya mwaka mzima inatoka kwangu. Hannah bado hajui haya, nikimaliza hapa nitamsomea yeye pia akirudi kutoka kanisani, na ninaogopa.

Ni mimi, aliyekuwa rafiki yako na angependa kuwa tena,

Josphat