Neno Halimo, Mama Hayumo

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Hapa Masasi mikorosho imechanua, ila goti la bibi yako bado linamsumbua.

Unasema umetafuta kwenye faili kwa amri ya grep, ile ya kusaka maneno kwenye kompyuta, haikutoa hata mstari mmoja, basi neno halimo. Mimi niliyejifunza kompyuta mwenyewe nakwambia: iondoe ile alama ^ uliyoitanguliza, inalazimisha neno liwe mwanzoni mwa mstari. Ukibana mno, unakosa kilichomo.

Nikiwa kijana, mama yangu alianguka njiani akitoka Newala. Wapita njia wakampeleka hospitali, jina lake hawalijui. Niliposikia, nikaenda kumuulizia: "Mama mwenye kilemba cha kijani." Muuguzi akachungulia mlangoni tu. "Hayumo, kaka." Nikazunguka hospitali nyingine. Kumbe kilemba walishamvua. Niliporudi, alikuwa amefariki. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia alizinduka mchana, akaita "Yohana!", pakakosekana wa kuitika.

Babu yako,
Yohana