Sauti Yako Iko Meru

Rwamba wangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kuuliza hali ya mwenzako. Yako siwezi kuuliza. Yangu nitakueleza vile ilivyo, maana wewe hukupenda mtu akusalimie kwa uongo. Kwa mwili sijambo. Kwa moyo nina wivu. Nimeomba, nimefunga siku tatu, nimeombewa na akina mama bila kuwaambia ninaombewa nini, na bado wivu umekaa tu kama mgeni asiyejua kuaga.

Mchungaji akijua kwamba ninamwandikia mtu aliyelala atanikemea, na atakuwa na haki. Lakini sikuombi kitu wala siulizi habari za huko. Ni kuongea tu. Unanijua, nikikaa na neno tumboni siku nyingi, kichwa kinaniuma.

Karatasi hii ina maandishi upande wa nyuma. Hayo ni maneno niliyotayarisha kuyasema siku ya kukuzika. Niliyaandika mara mbili, mara ya kwanza machozi yakaharibu wino. Hayakusemwa. Acha nikuambie kwa nini.

Siku hiyo nilikuwa nyuma ya nyumba yako na akina mama wenzangu, tunamenya viazi. Karatasi nilikuwa nimeikunja nikaifunga kwenye pindo la leso. Nikasikia mwenye maikrofoni akisema, sasa tungependa rafiki wa karibu wa marehemu atupe neno. Nikaweka kisu chini. Nikapangusa mikono. Nilikuwa nimeshalipita tangi la maji aliposema, "Karibu dada yetu Kathure. Ametoka mbali, Meru mjini."

Meru mjini, Rwamba. Na mimi natoka ng'ambo ya mto.

Nilirudi kwa viazi. Mama mmoja akaniambia, "Mimi nilidhani ni wewe." Nikamwambia, hata mimi nilidhani.

Huyo Kathure hakuongea sana. Alisema nyinyi mlikuwa mkiongea kwa simu, wewe unamtumia sauti na yeye anakutumia yake, miaka minne. Kisha akaiweka simu yake kwenye maikrofoni, na nikakusikia. Ulikuwa ukimweleza juu ya kuku wako aliyetagia ndani ya kofia ya Jumapili ya mume wako, Baba Njeru, na vile mzee aliivaa bila kuangalia akienda kanisani. Watu wote wakacheka huku wanalia. Baba Njeru mwenyewe alicheka akafunika uso. Mimi nilisimama pale na kiazi mkononi. Kile kicheko nilikijua. Yule kuku sikumjua. Miaka thelathini na moja nakujua, na kuna kuku wako mimi sijawahi kuambiwa habari zake.

Tangu siku hiyo nikawa mtu mwingine. Kanisani nikiimba, najiuliza ulimwambia nini kingine. Nikipeleka majani chai kituoni, watu wakinipa pole, nasema asante, lakini ndani nasema, pole mpelekeeni mwenyewe, yuko Meru. Hata sauti yako sina. Unaelewa? Yeye anabonyeza mahali, unaongea. Mimi nina jiwe letu la mtoni tu.

Najua ni mimi niliyetaka hivyo. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Tulipoolewa huku, wewe upande ule na mimi upande huu, bonde katikati, simu ilikuwa ya posta pekee kule Embu mjini. Mtu akitaka mtu anamwita. Nasimama pale kwa mgomba wa mwisho, nafunga mikono mdomoni, naita, na wewe unaitika kutoka kwa majani chai yako. Saa kumi, kabla ya kukamua. Kisha kila mmoja anateremka kwake na tunakutana chini mtoni penye nduma, yale magimbi yetu, kwenye lile jiwe bapa. Mara nyingine tunaosha nduma, mara nyingine hatuoshi kitu. Pale ndipo ulinifundisha kumnyamazia mama mkwe. Pale ndipo nilikuambia juu ya ile mimba iliyotoka, kabla hata ya kumwambia mume wangu. Tulikuwa tukikaa bega kwa bega tukitazama maji, hatuangaliani, na maneno yanakuja yenyewe.

Simu zilipokuja nilikataa. Nina hiki kidogo chenye tochi, cha kumuuliza binti yangu Mwende kama watoto wake wamepona. Wewe, mwanao Njeru akakununulia ile kubwa. Siku moja ukaitoa pale kwenye jiwe, ikalia, ukaitazama ukatabasamu. Nilikuuliza ni nani, ukasema ni mtu wa kanisa. Nikanyanyuka. Unakumbuka? Nikakuambia, "Ukitaka kuongea na kitu kisicho na macho, baki nacho." Nilipanda mpaka nyumbani bila kugeuka, na siku mbili sikukuita. Ya tatu uliniita wewe, na hukuileta tena simu mtoni. Nilijiona nimeshinda. Kumbe nilikufundisha kunificha.

Na wewe ulikutana na Kathure kwa sababu ya ng'ombe wangu. Ule mkutano wa akina mama kule Meru, tulikuwa twende pamoja, nilikuwa nimeshatoa pesa ya gari, halafu yule mweusi akaonyesha dalili za kuzaa na nikabaki. Ukalala kitanda kimoja cha bweni na mgeni, blanketi zikiwa chache. Nafasi hiyo ilikuwa yangu. Ndama mwenyewe alikufa. Nimemlaumu ng'ombe yule miaka minne baadaye, jambo ambalo mtu aliyeokoka hapaswi kusema.

Sasa nikuambie ya wiki iliyopita.

Kathure alikuja kumwona Baba Njeru na kilo nne za sukari na unga, kisha akaomba aelekezwe kwangu. Nilimwona akivuka mto na viatu vya mjini mkononi. Nikampokea vizuri. Vizuri kupita kiasi, vile ungenicheka: nikatoa vikombe vya wageni vyenye maua, nikatandika kitambaa mezani, nikamwita mgeni wetu mara tatu. Akaniambia, "Mama Mwende, mimi si mgeni kwako. Nakujua hata kovu la kisu liko mkono gani."

Nikauficha mkono chini ya meza.

Nikamwambia kwamba wewe hukuwahi kuniambia habari zake. Akasema anajua. Halafu nikamuuliza lile jambo ambalo lilikuwa limenikaa kooni tangu mazishi. Nilimuuliza alijua lini kwamba wewe ni mgonjwa. Alitazama chai yake. Akasema, "Tangu apimwe. Siku ile ile."

Rwamba. Mimi nilijua wiki tano kabla ya mwisho. Yeye alijua mwaka mzima kabla yangu. Mwaka ambao tulikuwa tukikutana kila siku ya Mungu pale chini, na ukipanda kilima unasimama katikati, unasema unatazama vile mahindi ya fulani yamefanya. Mimi nakucheka kutoka upande wangu, naita kwa sauti, "Umezeeka wewe!" na unanipungia mkono. Ningekubeba mgongoni. Unajua ningekubeba.

Nilitaka kumwambia Kathure amalize chai aende. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya vikombe, na chake kilikuwa nusu. Akasema, "Kaa kwanza, usikie mwenyewe alivyosema." Akaweka simu juu ya kitambaa changu.

Ukaongea pale jikoni kwangu. Ulisema, "Kathure, huyu wa ng'ambo sijamwambia, na usiniambie nimwambie. Mtu anayekuona kila siku ukimpa neno kama hili, atakuangalia nalo kila siku. Nataka saa kumi ibaki saa kumi."

Nilimwomba arudie. Akarudia mara tatu.

Sijui bado kama ulikuwa na haki. Nakuambia ukweli, nimekasirika na bado nitakasirika. Kuna usiku naona ulinipa zawadi, na kuna asubuhi naona uliniibia. Lakini sikuwa nimelia vizuri tangu tukuzike, siku hiyo nililia mpaka chai ikashika utando wa maziwa juu.

Kathure alisubiri. Kisha akasema, "Kuna kingine. Sikiliza mwisho, usisikilize maneno."

Akaweka ule ujumbe wa kuku. Ukacheka, ukasema mzee amefika hadi kwa Mchungaji yai halijavunjika, halafu nyuma yako, mbali, kukawa na kitu. Mara ya kwanza nilidhani ni ndege. Akapandisha sauti. Ni mimi, Rwamba. Ni mimi nikikuita kutoka kwa mgomba. Na wewe ukakata hadithi katikati, ukasema, "Haya, huyo. Nimeitwa. Yaliyobaki utayasikia kesho."

Akaweka mwingine. Mwisho wake, mimi. Akaweka mwingine. Ulisema, "Ngoja nishuke, huyu mwanamke ana koo la ng'ombe anayetafuta ndama, nikichelewa atawaita hadi wa Kirinyaga." Asante kwa hiyo. Nimeiweka akibani, tutaiongelea tukionana.

Kathure akanitazama, na macho yake hayakuwa mazuri sana. Akasema, "Miaka minne, Mama Mwende, unanikata. Naona ameanza kunipa neno tamu, wewe unaita, anakwenda. Hata siku moja hakukuambia ungoje. Nilikuchukia kabla sijakuona sura."

Nikamuuliza, "Na sasa?"

Akasema, "Sasa nimekuona. Bado kidogo."

Tulicheka. Si sana. Kama watu wawili waliopanga foleni moja na duka likafungwa.

Alitaka nimpeleke kwenye jiwe. Nilimwambia njia ina utelezi. Haikuwa na utelezi, wiki mbili hakujanyesha. Nimetubu kwa hilo, lakini akiniomba tena sijui nitasema nini. Kila mtu ana chake. Yeye ana kuku na kofia na huo mwaka mzima. Alisema anaweza kunitumia sauti zote kama nitapata simu kubwa. Mwende amesema ataninunulia. Nimekubali, kwa sharti kwamba ule wa ugonjwa abaki nao mwenyewe. Uliusema kwake, uishi kwake.

Na mimi nitajifunza kumjibu. Nimeshajaribu kwa simu ya jirani. Niliishika kama yai, nikasema Bwana asifiwe Kathure, nikanyamaza, sikujua niangalie wapi. Alijibu upesi. Alisema nimepiga kelele hadi paka wake akakimbia. Nikaona kwa nini ulimpenda, na nikakasirika tena kidogo.

Jambo la mwisho. Tangu ulale sijaita. Saa kumi nikifika napeleka mikono kwenye kazi nyingine, naokota kuni ambazo sizihitaji. Jana Baba Njeru alinikuta kituo cha chai akaniambia, "Mama Mwende, saa kumi siku hizi inanisumbua. Najikuta nimesimama mlangoni, sijui nasubiri nini. Halafu nakumbuka, hakuna anayeita." Alisema hivyo akaenda na kikapu chake. Hata hakungoja nimjibu.

Kwa hiyo nakuahidi. Kesho, nikimaliza nyasi za ng'ombe, nitasimama kwa ule mgomba. Wenyewe ulianguka na upepo, lakini machipukizi yake yako pale pale. Nitafunga mikono mdomoni na nitaita jina lako mara moja, vile vile, bila kupunguza. Kathure nitampa salamu, nitampa chai kwa kikombe cha nyumbani akija tena, nitampa hata nduma. Kuita simpi. Sauti hiyo haiingii kwenye simu ya mtu tena.

Halafu nitateremka nikae upande wangu wa jiwe. Hii karatasi nitaisoma pale chini, pande zote mbili, na nikimaliza nitapanda kukamua.

Lala salama, mama. Wewe usihangaike kuitika. Nitajua umesikia.

Ni mimi wa ng'ambo,
Mama Mwende