Aliyemaliza Betri za Boti

KITUO CHA POLISI BANDARINI
MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Malalamiko ya kuuziwa betri mbovu na kusababisha ajali ya boti
Jina: Limeandikwa kwenye jalada. Hapa gatini anajulikana kama Bibi Jiko
Umri: Miaka sitini na tisa
Elimu: Darasa la tatu
Kazi: Mpishi ndani ya boti ya mkwewe
Makazi: Ndani ya boti hiyo hiyo

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja mwenyewe, sikuitwa na mtu. Nimeonywa niseme kweli tupu. Nimemjibu afande kwamba sikupanda ngazi zote zile na magoti haya ili nije kutunga hadithi.

Nimekuja kwa ajili ya fundi umeme wa boti, aliyewekwa ndani tangu tarehe 20. Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, ameandikisha hapa kwamba fundi huyo alimuuzia betri zilizochoka, na kwamba hata kidogo kilichokuwamo nilikimaliza mimi kwa kuwasha taa ovyo. Yote mawili si kweli. La kwanza limemlaza mtu sakafuni, la pili limenitukana mimi. Nitaanza na la fundi.

Boti yetu ni ya matanga, ina vitanda vinne na jiko ambalo ukigeuka haraka unagonga kiwiko. Mkwe wangu hupeleka bidhaa za maduka visiwani na kurudi. Umeme wa ndani unatoka kwenye betri, na betri zinajazwa na sola zilizo juu. Jua likikataa, hakuna kitu. Hilo hata mimi wa darasa la tatu nalielewa.

Mnamo tarehe 4 mwezi uliopita fundi alifunga betri mpya, mbili kubwa za matumizi ya ndani na moja ndogo ya kuwashia injini. Nilikuwepo, niliziona zikitolewa kwenye maboksi, bado zina nailoni. Alipomaliza hakuondoka. Akaniambia, "Mama mkubwa, naomba kikombe kimoja cha maharage makavu." Nikamwambia, "Fundi, ungesema una njaa nikupe yaliyoiva." Akacheka, akasema nitarudishiwa yote.

Akayamwaga mezani. Akasema huo ndio umeme wote uliomo ndani ya betri kubwa. Kisha akayagawa katikati, nusu akaisukuma ukutani. "Punje hizi msiziguse. Betri hizi mkizinyonya mpaka chini zinakufa."

Mkwe wangu akamtolea macho. "Kwa hiyo umeniuzia nusu?"

"Nimekuuzia nzima, bosi. Ila ukitaka zikae miaka, tumia nusu."

Halafu akatuuliza mmoja mmoja, unawasha nini, kwa muda gani kwa siku. Taa ya jikoni akaiondolea punje moja. Feni yangu ndogo, mbili. Kompyuta ya binti yangu, nne. Redio ya kuitana na bandari, mbili. Akauliza, "Na friji? Na usukani wa umeme?" Usukani wa umeme ni mashine inayoshika njia yenyewe ili nahodha apate kukaa. Pale fundi alichota kwa kiganja, si kwa vidole. Rundo la friji, rundo la usukani, na mezani zikabaki punje za kuhesabika.

Mkwe wangu akapitisha mkono, akayarudisha marundo yote mawili kwenye zile zilizobaki. "Hizo si matumizi. Hizo ni kazi za boti."

"Bosi, lakini zinakula."

"Zinakula kwa sababu zinafanya kazi. Hiyo feni ya Mama inafanya kazi gani?"

Nikasema inanipepea mimi ninayekupikia. Binti yangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kabla ya kushuka, fundi alituonyesha swichi ya kuunganisha betri zote. Swichi hiyo iko ukutani karibu na jiko langu. Akaibandika utepe mwekundu, akasema, "Hii ndogo ni ya kuwashia injini tu. Msiiunganishe na kubwa mkiwa safarini. Zikiisha, zitaisha zote pamoja." Alisema mara mbili. Mkwe wangu aliitikia mara mbili.

Tangu siku ile mwizi wa umeme nikawa mimi. "Mama, zima taa." Namwambia, "Baba, nakata kitunguu, nikijikata kidole utakula nini?" Ananiambia tuna bajeti ya umeme. Feni akaichomoa waya, akautia mfukoni. Simu yangu ikazima siku mbili, dada yangu akadhani nimekufa. Na wakati huo huo friji inanguruma kutwa kucha, imejaa soda zake, kila saa anaifungua, anasimama mbele yake kama anasubiri imwambie kitu. Nilipomuuliza friji inapumzika lini, alisema kipimo cha betri kinaonyesha zimejaa. Alikuwa anakitazama saa sita mchana, jua utosini, sola zikiwa zinamimina. Fundi alisema kitazamwe alfajiri, kabla jua halijapanda. Lakini alfajiri mkwe wangu yuko usingizini.

Mnamo tarehe 18 mwezi huu, saa mbili asubuhi, tuliondoka kisiwani kurudi huku, sisi watatu. Mawingu yalitanda kutwa. Sola zikawa mapambo. Mawimbi yalikuwa yanatusukuma kwa nyuma, boti inayumba, na usukani wa umeme unalia bila kupumzika, unairudisha kushoto, unairudisha kulia. Mkwe wangu amekaa kivulini, soda mkononi. Nikatoka jikoni nikamwambia, "Baba, leo shika usukani kwa mkono wako, hiyo mashine inakula." Akasema, "Mama, wewe pika."

Nikapika. Gizani, maana taa alishaizima.

Tarehe 19 kulikuwa na mawingu yale yale. Saa nane mchana hivi kipimo kilianza kupiga kelele na usukani ukawa unakwama. Mkwe wangu alishuka jikoni. Alisimama hapa, mimi nikiwa pale, umbali wa meza hii ya afande. Akabandua utepe mwekundu, akageuza swichi akaunganisha betri zote. Nikamwambia, "Baba, hapo fundi alikataza."

"Dakika tano tu, Mama."

Hakuirudisha. Alipanda juu, usukani ukaanza kulia tena, naye akarudi kukaa. Friji nayo ikaendelea.

Tulifika mlango wa bandari kama saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha na upepo umekata. Matanga yakalegea. Mkwe wangu akabonyeza injini iwake. Ikasema tik. Akabonyeza tena, haikusema hata tik. Akakimbilia redio aombe boti ya kutuvuta, redio nayo kimya. Simu zetu sote zilikuwa zimekufa, maana kuchaji ilikuwa marufuku. Akaenda kutupa nanga, lakini maji yalikuwa yanatupeleka kwenye ukuta wa mawe kwa kasi, na mnyororo ukamkwama. Binti yangu akachukua boya la kukingia, akakimbia ubavuni alizuie pigo. Boti ikambana mkono kati ya chuma na jiwe.

Sauti ya ule mfupa niliisikia. Sitaieleza.

Hospitali wamesema umevunjika mara mbili juu ya kiwiko na huenda vidole viwili visikunjike tena. Yeye kazi yake ni kushona.

Pale pale hospitalini, kwenye benchi, mkwe wangu alianza kusema betri za yule fundi ni takataka. Nikadhani ni uchungu, nikamwacha. Kesho yake akaja hapa, na fundi akafuatwa nyumbani kwake akiwa anakula. Jioni mkwe wangu akaniambia, "Mama, ukiulizwa, sema ulikuwa jikoni, hukuona kitu."

Nikamwambia, "Niliyekuwa jikoni ndiye niliyeona. Swichi iko jikoni."

Akasema nikifika hapa nisirudi botini. Mzigo wangu ni ule pale mlangoni, afande ameuona.

Mkwe wangu si mlevi wala si mwizi, na hilo liandikwe. Hajawahi kunipandishia sauti mbele ya watu, na mwanangu hajalala njaa kwake. Tatizo lake ni kwamba anachotumia mwenzake ni hasara, anachotumia yeye ni kazi. Hilo si kosa la polisi, ningeliacha nyumbani. Lakini sasa limemfunga mtoto wa mtu.

Binti yangu aliniambia jana, akiwa kitandani, "Mama, ukienda polisi utanivunjia nyumba." Nyumba inayosimama kwa sababu fundi amelala rumande sijui ni nyumba ya namna gani, lakini hayo ni ya mimi na yeye, afande usiyaandike. (Shahidi amesomewa sentensi hii na kusema basi ibaki.)

Ninachoomba ni kitu kimoja. Aitwe fundi mwingine, asiye rafiki wa yeyote kati yetu, azijaze betri zile na kuzipima. Swichi iko kama mkwe wangu alivyoiacha, sijaigusa. Utepe mwekundu umenasa nyuma ya jiko, nao sijaugusa. Ikionekana betri zilikuja mbovu, niiteni, nitasimama mbele ya mkwe wangu nimwombe radhi, na magoti yangu haya. Zikiwa nzima, mfungulieni fundi mlango, na mtu amwombe radhi yeye.

Niliyoyasema nimeyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, hakuna la kuambiwa. Nimesomewa yote, nimesahihisha mahali pawili ambapo afande alinipunguzia maneno, na sasa ni yangu. Nimeweka saini kwa mkono wangu, dole gumba nimelikataa, maana kuandika jina langu najua.

Saini ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA
Nimeandika maelezo haya leo tarehe 23, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita kasoro, kwa lugha ya Kiswahili anayoielewa shahidi. Ametoa kwa hiari yake. Nimeagiza boti isiguswe hadi betri zipimwe.
Shahidi alipokuwa anaweka saini, binti yake aliingia kituoni, mkono ukiwa kwenye plasta na begi likiwa begani, akasema naye anataka kuandikisha maelezo kuhusu swichi. Nilimwomba asubiri kwenye benchi. Shahidi hakumuuliza lolote kuhusu shauri hili. Alimpokea begi, akamuuliza kama amekula.