Bondia Haondoki

Newala,
9 Septemba 1995

Kwako dada yangu mpenzi, Mama Furaha,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Masasi, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mguu wa Furaha umepona. Sisi huku ni wazima, ingawa nikisema sisi kwa sasa maana yake ni mimi peke yangu. Mikorosho imetoa maua vizuri, na wanunuzi binafsi wameshaanza kupita na magari yao kabla hata korosho haijaanguka. Maji ya kisima cha mvua yanakaribia kwisha, lakini hiyo si habari kwa mtu wa Newala.

Ujumbe wako nimeupata kwa Mjomba Swalehe. Amesema umeniagiza nimmwage yule mdudu, nimpigie Faruku magoti na niwaombe wazee radhi. Dada, nakuheshimu, umenibeba mgongoni. Lakini simmwagi, sipigi magoti, na radhi siombi. Kaa nikueleze, maana naona umesimuliwa nusu.

Unajua tangu biashara iwe ruksa mimi nafuata samaki wakavu wa ng'onda na pweza mkavu Mikindani. Mwaka jana mama mmoja anayeniuzia pweza alikuwa na jiwe la mwambani, na ndani ya jiwe kuna mdudu wa ukoo wa kamba, urefu wa kidole, kijani na miguu myekundu. Wao huwatupa, hawana nyama ya maana na wanapasua watu vidole. Nikamgusa, akanipiga ngumi mpaka ukucha ukawa mweusi. Nikampenda papo hapo, sikufichi, nikamwita Bondia. Nikaja naye kwenye ndoo juu ya lori la samaki. Duka la ushirika lilipofungwa na vitu vyake kuuzwa, nilinunua lile kabati la kioo walilokuwa wakipangia sabuni, enzi zile sabuni zilipokuwapo, na fundi akaliziba kwa gundi ya vioo vya magari. Maji ya bahari huja kwa madumu, na lori lile lile.

Watu wanasema namnywesha mdudu maji wakati wanawake wanapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Uongo mtupu. Maji ya bahari nani anayanywa? Ya mvua namwongezea kikombe tu, kufidia yanayokauka, la sivyo chumvi inamzidi. Asubuhi na jioni nayachota kwa kopo na kuyamimina tena ili yapate hewa.

Ungemwona, dada! Macho yake yamekaa kwenye vijiti, moja linatazama mlango, jingine linanitazama mimi. Nikimpa konokono anamzunguka, anampapasa, anamgonga, ta! Ganda linapasuka. Jioni hukusanya vijiwe akaziba mlango wa shimo lake, akabakiza kitundu cha kuchungulia. Nikimhamishia jiwe moja, hulirudisha pale pale na kunikodolea macho. Basi sokoni wakaniita Mama Bondia. Wewe Mama Furaha, mdogo wako Mama Bondia. Waliposema nikaitika, wakakosa raha.

Kisha maneno yakageuka. Ndoa yangu na Faruku ina miaka saba na mtoto hakuna, kumbe sababu imepatikana: ni jini la baharini, linafunga kizazi cha Stamili na kumletea wateja. Jini gani, jamani, la kula konokono? Na mdudu ana mwaka mmoja tu humu ndani, ndoa ina saba. Hesabu hiyo hakuna aliyetaka kuipiga.

Mjomba na Faruku wakaleta mganga, akamwaga dawa kizingitini. Haukupita muda Faruku akaona ndani ya kioo mdudu kalala ubavu, macho meupe, hatikisiki. Alishangilia mpaka majirani wakaja. Mganga akakataza maiti isiguswe mpaka Ijumaa, siku ya kula shukrani. Nikawaambia lile ni ganda tu, kwamba Bondia akikua hulivua lote, mpaka la macho na ndevu, kisha hujifungia shimoni mpaka jipya likauke. Nani anisikilize? Kuku wangu wakachinjwa, ugali wa muhogo ukasongwa, wazee wakaketi. Nami nikala paja langu. Hawajafika nusu ya sinia, kioo kikagongwa, ta! Bondia huyo nje, mkubwa kuliko mwanzo, amesimama kando ya ganda lake. Mjomba alibaki na tonge mkononi. Wazee wawili waliondoka bila viatu.

Sasa akawa jini lililofufuka. Kesho yake kikao kikaitwa uwanjani kwetu, na Faruku akasimama mbele ya watu wote. Alisema, “Huyu mdudu ndiye aliyeninyima mtoto, na mke wangu ndiye anayemfuga. Achague, yeye au mimi.” Wote walinigeukia wakingoja nilie. Niliingia ndani, nikatoa begi lake, nikaliweka miguuni pake. Nikamwambia, “Nyumba hii ni ya mama yetu, na uwanja huu ni wa bibi yetu. Kwetu mwanamume huja na begi, na huondoka nalo.” Mjomba anaijua mila hiyo kuliko sisi sote, akainamisha kichwa. Faruku sasa yuko kwa dada yake, Chiwata.

Najua unasema moyoni, Stamili karogwa, kaacha mume kwa ajili ya kamba. Dada, nina akili zangu. Ingekuwa ni mdudu tu, ningemmwaga, nikalia, yakaisha. Nitakwambia neno ambalo sijamwambia mtu. Mwaka juzi mimi na Faruku tulikwenda hospitali Ndanda, tukapimwa wote wawili. Mimi sina kasoro. Tabibu alitueleza tumekaa pamoja, kwa upole. Faruku alilia njia nzima mpaka Masasi, na ndiyo sababu siku ile tulipita mlangoni kwako bila kuingia, ukanuna. Nilimwapia kwa jina la mama kwamba sitamwaibisha. Tangu hapo wakwe na mawifi wananiita tasa, nami naitikia. Wazee husema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha wa mwenzangu, na ningeuficha mpaka kaburini. Walipomsingizia Bondia sikubishana sana, nilisema afadhali lawama imwangukie mdudu, hana uso wa kuaibika. Lakini mtu yule yule aliyelia begani kwangu, anayejua, alisimama mbele ya wazee akaninyooshea kidole. Hapo ndipo nilipokwenda kuchukua begi. Iliniuma, dada, na bado inaniuma.

Sikusema kikaoni na sitasema, kwa kuwa niliapa. Wewe umelijua kwa sababu umeniambia nipige magoti, na sitaki kugombana nawe bure.

Nisalimie shemeji na watoto, mmoja mmoja. Lori likipita Masasi nitakupa pweza, umloweke vizuri kabla ya kumpika. Na wakikuuliza huko kwa nini mdogo wako ameachana na mume, usijisumbue kubishana. Waambie ni kwa ajili ya mdudu. Hilo wataliamini.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Stamili