Vikaratasi Nisivyokupa

Mama Tekla,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini tangu siku uliponipokea pale mapokezi sijawahi kufungua mdomo mbele yako bila kukuamkia, na siwezi kuanza leo.

Ni mimi, Skola. Nimekaa kwenye benchi la nje ya chumba cha kadi, pale ulipokuwa unakaa saa nne kula muhogo wako wa kuchemsha. Ni Jumamosi, wagonjwa ni wachache. Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike. Kuna jambo nilitakiwa kukwambia ukiwa hai. Nilikuwa na miaka mitatu ya kukwambia, tena tulikuwa tunaonana karibu kila Jumapili.

Unakumbuka kompyuta ilivyokuja. Ilikuwa wakati ule kahawa ya Mbinga imeanza kununuliwa na watu binafsi, mashirika yanauzwa, na kila ofisi tuliyoisikia ilikuwa inapunguza watu. Wafadhili wakatuletea kompyuta moja na printa, nikapelekwa Songea wiki mbili kujifunza. Kabla ya hapo kalenda ya hospitali ilikuwa wewe. Ulikuwa na boksi la mbao lenye kadi za wagonjwa wanaotakiwa kurudi, umezipanga kwa miezi. Kila Jumatatu ulichomoa za wiki hiyo, ukaandika vikaratasi kwa mkono, ukavipeleka stendi kwa makondakta wa magari yanayopanda Mbinga. Kutoka hapo vilifika kwa makatekista wa Kitai, Ruanda, Namswea, vikasomwa baada ya misa: fulani anatakiwa hospitali tarehe fulani. Watu walikuja. Hata mvua ikiharibu barabara, walikuja.

Niliporudi kutoka Songea tuliingiza majina yote kwenye kalenda ya kompyuta. Ulikaa pembeni yangu siku nne ukinisomea kadi moja moja. Kuna mzee mmoja ulinikataza nisimwandike Kitai, ukasema amehamia kwa mwanawe Ruanda baada ya kufiwa na mke. Jambo hilo halikuwa kwenye kadi. Lilikuwa kichwani mwako. Nataka ukumbuke nimeliandika hili, mama, kwamba lilikuwa kichwani mwako.

Niliipanga kalenda hivi: wiki mbili kabla ya tarehe ya mgonjwa, kengele inalia na kidirisha kidogo kinafunguka katikati ya kioo kikiwa na jina lake. Mimi nachapa kikaratasi, nakupa, unapeleka stendi. Chini ya kidirisha kulikuwa na vitufe. Kimoja cha kuahirisha, kikumbusho kinarudi baada ya muda. Kingine cha kukiondoa. Kingine cha kuviondoa vyote kwa mkupuo. Mwalimu wa Songea alituonya juu ya hicho cha mwisho. Alisema ukikibonyeza, mashine inaamini umemaliza kazi, na haikuulizi tena.

Jumatatu ile nilikuwa naandika barua yangu mwenyewe. Nilikuwa naomba kazi Songea, kwenye ofisi moja niliyoiona nilipokuwa masomoni. Sikumwambia mtu, hata wewe. Jenereta lilikuwa linazimwa saa tano, na mimi nilitaka barua ipande na gari la siku hiyo hiyo. Kengele ikalia. Kidirisha kikafunguka juu ya barua yangu, kina majina ya watu wa macho, wale waliosubiri daktari bingwa anayekuja mara moja kwa mwaka. Nikaahirisha. Kikarudi. Nikaahirisha tena. Kiliporudi mara ya tatu nilikuwa kwenye sentensi ya kusema mimi ni mwaminifu na mwangalifu kazini. Nikabonyeza kile cha kuondoa vyote.

Nilijiambia nitaifungua orodha kwa mkono nikimaliza. Nilipomaliza barua jenereta lilizimwa. Kesho yake nilikuwa na mambo mengine. Sikuikumbuka tena mpaka daktari aliposhuka kwenye gari na masanduku yake ya vyombo.

Walikuja watano tu, wa vijiji vya hapa ufukweni, waliosikia kwa midomo ya watu. Wa milimani hakuja hata mmoja. Daktari alikaa siku ya pili yote akiangalia mlango. Siku ya tatu asubuhi alifunga masanduku akaenda zake.

Bwana Katibu wa hospitali alituita ofisini, wewe na mimi. Aliniuliza mimi kwanza. Nimelirudia jibu langu mara nyingi kichwani, na kila mara natafuta kama kuna namna ya kulisikia ambayo siyo uongo. Nilisema, "Nilivichapa, nikampa Mama Tekla."

Uligeuka ukaniangalia. Hukuniangalia kwa hasira. Ulikuwa kama mtu anayetafuta kitu usoni mwangu ili kimsaidie kukumbuka. Halafu ukamwambia Katibu, "Kama Skola anasema alinipa, basi alinipa. Sijui nimeviweka wapi."

Ungebisha, mama. Ungesema tu hapana, huyu binti hakunipa kitu. Nilikuwa tayari kuungama kama ungebisha, au ndivyo ninavyojidanganya. Lakini uliniamini kuliko ulivyojiamini mwenyewe.

Miezi miwili baadaye ikatoka orodha ya wanaopunguzwa. Jina lako lilikuwa la pili. Katibu alisema kompyuta imechukua kazi ya kadi, na kwamba isitoshe umri umeanza kukusumbua. Siku ya kukuaga ulinishika mkono ukaniambia niangalie macho yangu, kioo kile kina mwanga mkali. Ile kazi ya Songea sikuipata. Hata barua ya kukataliwa hawakuniletea.

Nilidhani nimekukosesha kazi. Ningebaki na hilo tu, labda ningelizoea, Mungu anisamehe. Sikujua nimekuachia kitu kingine uende nacho nyumbani.

Mama yako mzazi, ulinisimulia mwenyewe, alizeeka akawa hamjui mtu. Alikuwa anakuita jina la dada yake aliyekufa. Wewe uliamini ya kwako imeanza, na kwamba vikaratasi vya macho ndiyo dalili ya kwanza. Nilikuona ukibadilika Jumapili hadi Jumapili. Uliacha kuinjika maharage na kwenda bustanini. Ulikaa karibu na jiko mpaka yaive. Majirani waliokuwa wanakuachia watoto wakienda mashambani, uliwaambia watafute mtu mwingine. Kwenye jumuiya ulikataa kuongoza rozari, ukasema utaruka tendo. Wanawake wakakucheka kidogo, kwa upendo, nawe ukacheka nao. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani hapo hapo.

Hukuwa unasahau kitu. Ndilo jambo linalonichoma. Ulijua kuzaliwa kwa kila mtoto wa kitongoji chako. Ila ukikosea jina mara moja, kama anavyokosea kila mtu, uso wako ulikuwa unasinyaa.

Siku moja nilikuletea dagaa, nikakukuta unaandika kwenye daftari la shule. Ulilifunga haraka. Ulinikaribisha, tukala ugali, na nilipotaka kuondoka ukanisindikiza mpaka kwenye njia ya ziwani. Hapo uliniambia, "Skola, nikianza kuwa mzigo, niambie wewe. Usimwachie Tekla aniambie."

Nilisema, "Sawa, mama."

Hilo ndilo neno nililokujibu. Sikuwa na haraka siku hiyo. Hakukuwa na kengele wala Katibu. Tulikuwa wawili tu njiani, na ningeweza kukurudishia akili yako kwa maneno machache. Niliogopa utakavyoniangalia. Nikasema sawa, nikaenda.

Na yule bibi wa Namswea sijamsahau. Alishuka mwezi wa nne baada ya daktari kuondoka, ameshikwa mkono na mkwewe, kuuliza daktari atakuja lini. Niliangalia kioo kana kwamba natafuta. Nikamwambia mwakani. Mwaka uliofuata alikuja, akatengenezwa jicho la kulia. La kushoto daktari alisema amechelewa. Bibi alimshukuru, akanishukuru na mimi.

Wewe ulikwenda kwa homa ya siku nne. Nilikuwa na zamu, nilifika umeshafunikwa. Msibani nilipika, nikaosha vyombo, nikateka maji, nilifanya kila kazi isiyohitaji kuangaliana na mtu. Siku ya kumaliza matanga Tekla akaniita ndani. Unamjua mwanao, hana maneno mengi. Akasema mama alikuwa akinitaja, kwamba mimi ndiye niliyemvumilia alipoanza kusahau. Akanipa daftari lako niwe nalo la ukumbusho.

Nililifungua nyumbani. Ukurasa wa kwanza umeandika kwa mwandiko ule ule wa kadi: Vikaratasi vya macho, viko wapi? Chini yake umepanga mahali ulipotafuta, na kila pahali umepapiga mstari ulipomaliza. Kikapu cha sokoni. Mfuko wa gauni la bluu. Chini ya godoro. Kwa kondakta. Sakristia. Kwenye misale. Kurasa mbili nzima. Sehemu ya mwisho, wino wake ni mwingine kabisa, umeiandika karibuni: kwa wifi, nilipolala wakati wa msiba wa shemeji. Ulikuwa bado unavitafuta, mama. Mwaka huu.

Nilikaa na daftari hilo siku tisa. Siku ya kumi nilikwenda kwa Tekla. Nilimkuta anaanika muhogo juu ya mwamba. Sikuomba kuingia ndani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, barua ya kazi, kengele, kitufe, ofisi ya Katibu, na njia ya ziwani. Nililia, akaningoja nimalize kulia kama mtu anayengoja mvua ipite. Hakunitukana. Aliendelea kugeuza vipande vya muhogo, kimoja kimoja, mpaka vikaisha. Ndipo akasema, "Kazi wangemwachisha tu, wewe au si wewe. Lakini mama yangu alikufa anaiogopa akili yake."

Akasema nisimwambie yeye peke yake. Niende nikawaambie waliomwona anasahau.

Nilianza kwa Katibu. Aliniambia mtu ameshakufa, tuyaache, nitajiharibia bure. Nilimwomba aandike barua ya kusahihisha, ikae kwenye faili lako. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu aliandika mistari mitano, akanipa na ya kwangu ya onyo. Kompyuta wamempa mwingine. Mimi nimewekwa chumba cha kadi, na hata hilo naona ni huruma.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda jumuiya. Walipomaliza sala niliomba nafasi. Nilisema Mama Tekla hakusahau vikaratasi, kwa sababu sikumpa. Nilisema alipotuambia ataruka tendo, alikuwa anatuambia hofu niliyomtia mimi. Aliyechukua uongozi wa rozari baada yako aliinama akajifunika uso kwa kanga. Tulipotoka, wawili walinisalimia kwa mkono, waliobaki walipita. Sikuwalaumu. Namswea pia nimekwenda, kwa bibi. Alinisikiliza akinielekezea lile jicho linaloona. Akaniuliza tu kama umeshazikwa. Nikamwambia ndiyo. Akasema angependa angekuja.

Siku hizi watu wema wananifariji. Wananiambia, "Mama Tekla alikupenda kama mwanawe, huko aliko ameshakusamehe, tulia." Hata padre amenielekeza hivyo, na ya Mungu namwachia padre. Mara ya kwanza niliposikia maneno hayo nilitamani kuyashika. Usiku ule nililala vizuri, nikaamka nimeona haya kuliko zamani.

Kwa hiyo nakuaga kwa ahadi moja, na hii nitaitunza. Nilikusingizia usahaulifu ukiwa hai, ukakubali kwa sababu uliniamini. Sitakusingizia msamaha kwa kuwa huwezi kunikatalia. Mtu akiniuliza kama ulinisamehe, nitamwambia hukuwahi kuombwa.

Pumzika, mama. Akili yako ilikuwa nzima mpaka siku ya mwisho.

Skola